Mvua za Kalemie na Hesabu ya Ziwa Tanganyika

Kila mwenyeji wa Kalemie ajua mvua ya mji wake. Ajua mwezi wa kupanda na mwezi wa kuvuna, ajua siku za kufunga bati vizuri na siku za kuanika ndakala bila hofu. Lakini iko hesabu nyingine ya mvua ambayo mwaka mmoja hauwezi kuifundisha. Ziwa ndilo linaloiweka hesabu hiyo, na yeye asiyeijua aweza kujenga nyumba nzuri mahali ambapo maji yatarudi kudai kiwanja chao. Tueleze kwanza desturi ya mvua kwa mwaka, halafu habari za ziwa tangu zamani za wasafiri wa kwanza mpaka siku zetu. Mwisho tutauliza habari hizo zatufaa nini sisi wakristu wa leo.

Masika na kiangazi

Kalemie ni mji wa ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, digrii 6 hivi kusini ya ikweta, mahali mto Lukuga unapotoka ziwani. Zamani uliitwa Albertville. Jina la Kalemie, ambalo ni jina la kijito kinachopita mjini, lilichukuliwa mwaka 1966.

Mji huu si kama Kisangani, ambako mvua hunyesha karibu miezi yote. Hapa nyakati ni mbili, nazo zaonekana wazi: masika na kiangazi. Mvua yaanza mwezi wa Oktoba, au pengine mwishoni mwa Septemba. Yazidi Novemba na Desemba. Mara nyingi yalegea kidogo Januari au Februari, hata wakulima wapata nafasi ya kupalilia. Kisha Machi na Aprili yarudi kwa nguvu, na mwezi wa Mei yakoma. Juni, Julai na Agosti hapana mvua. Upepo wa kusi wavuma ziwani, mawimbi yawa makali, majani ya vilima yakauka, na moshi wa moto wa mbugani watanda kila jioni.

Kwa nini mvua ifuate miezi namna hiyo? Sababu ni mwendo wa jua. Mwezi wa Desemba jua laelekea kusini, mwezi wa Juni laelekea kaskazini. Mahali linapopasha nchi sana, hewa ya moto yapanda, na hewa nyingine yenye unyevu yaja kushika nafasi yake, ikitoka baharini na katika msitu mkubwa wa Kongo. Ikipanda yapoa, na unyevu wake wageuka mawingu na mvua. Ukanda huo wa mvua wafuata jua kwa kuchelewa kidogo. Wapita juu ya Kalemie ukienda kusini, na wapita tena ukirudi kaskazini. Ndiyo maana masika yetu yana nguvu mara mbili, mwishoni mwa mwaka na tena karibu na Pasaka.

Kwa mwaka mzima mji hupata mvua inayozidi milimita 1,000. Wengi husikia neno milimita bila kujua maana yake. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila meta mraba 1 ya nchi. Nyumba yenye bati la meta mraba 40 ikipata mvua ya milimita 50 usiku mmoja, yamwaga lita 2,000, yaani mapipa 10 ya lita 200. Hiyo ni nyumba moja tu. Hesabuni sasa paa zote za mtaa, njia zote, na kilima chote kilicho juu ya mtaa, ndipo mtafahamu kwa nini kijito ambacho mtoto avuka kwa miguu mwezi wa Julai chaweza kubomoa ukuta mwezi wa Aprili.

Akiba ya ziwa

Basi, maji hayo yaenda wapi? Sehemu yanywewa na ardhi, sehemu yarudi hewani, na sehemu yashuka ziwani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na upana wake wote ni karibu kilometa mraba 33,000. Kina chake chafika meta 1,470. Mito mingi yaingia: Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, Malagarasi kutoka Tanzania, na mamia ya vijito vya milimani. Lakini mto unaotoka ni mmoja tu, nao ni Lukuga, unaopeleka maji Lualaba na mwisho katika bahari ya Atlantiki.

Mtu aweza kudhani kwamba Lukuga ndio unaolipunguza ziwa. Sivyo hasa. Katika kila vibaba 10 vya maji yanayoliacha ziwa, 9 au zaidi hupaa hewani kwa jua na upepo. Lukuga wapata sehemu ndogo iliyobaki. Kwa hiyo ziwa ni kama nyumba ambayo mapato yake na matumizi yake yakaribia kulingana. Masika mapato yazidi, na maji yapanda mpaka mwisho wa Aprili au Mei. Kiangazi matumizi yazidi, na maji yashuka mpaka Oktoba au Novemba. Tofauti ya kupanda na kushuka katika mwaka wa kawaida ni sentimita 80 hivi. Wavuvi waijua sana, maana ndiyo inayowaambia mahali pa kuvutia mitumbwi yao.

Lakini itakuwaje mvua ikizidi kidogo mwaka huu, ikazidi tena mwaka ujao, na tena mwaka wa tatu? Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ziwa likibakiza sentimita 20 kila mwaka, baada ya miaka 5 limepanda meta 1. Na meta 1 si kitu kidogo kwa mtu wa ufukoni. Pale ambapo nchi yapanda polepole, meta 1 kwa kila meta 50 za kwenda, ziwa lililopanda meta 1 limemeza meta 50 za viwanja. Tena halifanyi hivyo kwa kelele kama kijito. Laja kimya, mwezi kwa mwezi, na mtu asema: litarudi kiangazi. Kiangazi larudi kidogo tu, na masika yajayo laanzia juu zaidi.

Mlango wa Lukuga

Habari za kale za ziwa hili zimeandikwa na wasafiri waliogombana sana juu ya swali moja: maji yake yatoka wapi? Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Walisafiri kwa mitumbwi mpaka Uvira, lakini hawakuuona mto Ruzizi wenyewe. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda pamoja kaskazini, wakaona kwa macho yao kwamba Ruzizi waingia ziwani, hautoki. Basi mlango ulipaswa kutafutwa kwingine.

Mwezi wa Mei 1874 Cameron alifika Lukuga, hapo ambapo leo pana mji wa Kalemie. Wenyeji walimwambia kwamba mto waenda Lualaba. Yeye aliona mlango umezibwa na mafunjo na majani yanayoelea, na maji yakipita kwa udhaifu tu. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Julai 1876, Stanley alilizunguka ziwa zima kwa mashua yake, akafika mahali palepale. Hakuona mto unaotoka kweli. Aliona matope na mafunjo. Lakini aliona pia jambo jingine kubwa: ziwa lilikuwa linapanda. Michikichi aliyoiona sokoni Ujiji mwaka 1871 sasa ilikuwa imesimama majini. Akasema kwamba maji yakizidi kupanda, siku moja yatapasua kizuizi cha Lukuga.

Ikawa hivyo kweli. Mwaka 1879 Hore, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, alikuta Lukuga ukienda kwa nguvu. Mwisho wa mwaka huohuo Joseph Thomson wa Scotland aliona vilevile. Kizuizi kilikuwa kimepasuka. Waliolinganisha maandiko ya wasafiri hao na alama za ufukoni wamehesabu kwamba mnamo 1878 ziwa lilikuwa juu kuliko kawaida ya siku zetu kwa meta kadhaa. Baada ya mlango kufunguka lilishuka haraka, na kabla ya kwisha karne ile lilikuwa limeshuka yapata meta 10.

Hivyo wasafiri wote walikuwa na ukweli. Aliyesema ziwa lina mlango hakukosa, na aliyesema mlango umefungwa hakukosa. Kila mmoja aliandika aliyoyaona katika mwaka wake. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mwaka wake ni desturi ya siku zote. Kosa hilo ndilo litakalorudi katika habari hii yote.

Misioni na ufuko unaorudi nyuma

Mapadri Weupe waliotumwa na Kardinali Lavigerie walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879, yaani wakati uleule ziwa lilipoanza kushuka. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Mbelgiji Cambier alianzisha kituo cha Karema, ng'ambo ya mashariki. Mwaka 1883 Storms alijenga Mpala upande wetu, na mwaka 1885 vituo hivyo viwili vilikabidhiwa kwa mapadri. Wakristu wa Kalemie na Kirungu waijua vizuri habari hiyo, maana ndiyo mizizi ya imani yao.

Jambo lisilotajwa sana ni hili: misioni hizo zilizaliwa mbele ya ziwa lililokuwa likikimbia. Huko Karema ngome ilijengwa karibu na maji, na baada ya miaka michache maji yalikuwa mbali, na kati ya ngome na ziwa palibaki tope na majani. Mahali pengi nchi mpya ilitokea. Nchi hiyo ilikuwa tambarare, yenye udongo mweusi na unyevu, nzuri kwa mihogo na mboga. Watu walishuka kutoka vilimani wakailima, kisha wakajenga.

Mwisho wa mwaka 1891 Kapteni Jacques, aliyekuja kupigana na wafanya biashara ya watumwa, alianzisha kituo akakiita Albertville kwa heshima ya mtoto wa ndugu ya mfalme wa Ubelgiji. Mwaka 1915 njia ya reli kutoka Kabalo ilifika ziwani. Gati likajengwa, ghala zikajengwa, na nyumba za wafanyakazi zikafuata. Kazi hiyo yote ilifanywa kwa kulitazama ziwa la miaka ile, ziwa lililokwisha kushuka. Tangu hapo mpaka 1960 maji yalipanda na kushuka kwa kiasi tu. Mtoto aliyezaliwa Albertville mwaka 1915 alifikia utu uzima, akaoa, akapata wajukuu, na katika maisha yake yote ziwa halikumwonyesha nguvu yake. Je, tumlaumu akiamini kwamba ufuko hauhami?

Mvua za 1961 na maji ya 1964

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua zilinyesha kupita desturi katika nchi zote za Afrika ya Mashariki na sehemu kubwa ya Kongo. Mwezi wa Desemba mwaka huo mto Kongo ulipanda sana huko Léopoldville, mji ambao leo waitwa Kinshasa, kuliko ulivyowahi kupimwa. Ziwa Victoria nalo lilipanda zaidi ya meta 2 kati ya 1961 na 1964.

Leo wataalamu wajua sababu mojawapo ya mvua hizo. Pengine maji ya Bahari ya Hindi upande wa pwani ya Afrika hupata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia hupoa. Hapo hewa yenye unyevu mwingi yaelekea kwetu, na mvua za Oktoba mpaka Desemba zaongezeka sana. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, ikawa hivyo tena mwaka 1997 na mwaka 2019. Kwa hiyo mvua ya Kalemie haitawaliwi na mawingu ya Kalemie peke yake. Bahari iliyo mbali na sisi zaidi ya kilometa 1,000 ina neno lake.

Ziwa Tanganyika halikutulia baada ya masika moja. Lilipanda 1962, likapanda 1963, na mwezi wa Mei 1964 likafika juu kuliko ilivyoonekana tangu karne ya 19. Lilikuwa limepanda yapata meta 2 katika miaka michache. Mahali pa chini, kutoka Uvira mpaka kusini mwa ziwa, paliingiwa na maji.

Lakini mwaka 1964 ulikuwa na msiba mwingine. Mwezi wa Juni waasi waliteka Albertville, na mji ulirudi mikononi mwa serikali mwishoni mwa Agosti. Mtu aliyeona vita na maji pamoja, atasimulia lipi kwanza? Atasimulia vita. Atataja waliouawa, waliokimbia na waliorudi. Habari za maji zikafunikwa na habari za damu. Nayo ilikuwa hasara, maana ukumbusho ule ungeweza kuwaokoa wajukuu na taabu nyingi.

Miaka ya kusahau

Baada ya 1964 ziwa lilishuka tena polepole. Miaka ya 2000 na kitu maji yalikuwa chini, na ufuko ulikuwa mpana. Wakati huohuo watu waliongezeka. Vita vya 1996 na 1998 viliwasukuma wengi kutoka vijijini kwenda mijini. Mwaka 2016 na 2017 mapigano katika jimbo la Tanganyika yalileta Kalemie makundi makubwa ya wakimbizi. Hao walihitaji mahali pa kulala. Mahali pa juu palikuwa na wenyewe. Mahali pa chini, karibu na ziwa na kandokando ya vijito, palikuwa na nafasi, tena pa bei nafuu.

Tuseme kweli: mkimbizi hakuchagua kiwanja cha chini kwa ujinga. Alikichukua kwa sababu hakuwa na kingine. Na mara nyingine aliyemuuzia alikuwa mtu anayejua, au aliyeweza kuuliza wazee kama angetaka. Hapo ndipo hesabu ya mvua inapogeuka kuwa jambo la dhamiri.

Maji yarudi

Mvua za mwisho wa 2019 zilikuwa nyingi mno, kama zile za 1961. Ziwa likaanza kupanda. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja kingo zake huko Uvira, ukaua watu makumi na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwaka 2021 ufuko wa Kalemie, wa Uvira na wa Burundi uliingiwa na maji. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena, likakaribia alama ya 1964. Bandari ya Kalundu karibu na Uvira iliingiwa na maji, na huko Gatumba, ng'ambo ya mpaka wa Burundi, watu walikwenda kwa mitumbwi mahali walipozoea kupita kwa baiskeli. Kalemie nako familia nyingi za ufukoni zilihama.

Yafaa kutofautisha mafuriko ya namna mbili, maana dawa zake si moja. Ya kwanza ni mafuriko ya kijito, kama Mulongwe wa Uvira au Rugumba wa Kalemie. Hayo yaja kwa saa chache, yaua, kisha yapungua. Dawa yake ni miti ya vilimani, mifereji isiyojazwa takataka, na nyumba zisizobana kingo. Ya pili ni mafuriko ya ziwa. Hayo yaja kwa miezi na miaka, nayo hukaa. Hayaui kwa ghafula, lakini yachukua nyumba, shamba na shule. Dawa yake ni moja tu: kuwa mahali pa juu kabla hayajafika.

Namna zote mbili zaleta adui wa tatu, yaani ugonjwa. Choo kikizama, maji yake yaingia katika maji ya kunywa. Kipindupindu kimekaa miaka mingi katika mitaa ya ufuko wa Kalemie, na kila masika mabaya yakipa nguvu. Mama anayechemsha maji na kunawa mikono ya watoto afanya kazi kubwa kama ya mjenzi wa ukuta.

Wengine husema: fukueni mlango wa Lukuga, na ziwa litashuka. Neno hilo lina maana, kwa sababu mchanga na majani vyaweza kuubana tena mlango kama siku za Cameron, na yafaa wenye mamlaka waushughulikie. Lakini tukumbuke hesabu ya vibaba 10. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hutoka kwa jua, haitoki kwa mto. Kazi ya Lukuga ni ya miaka, na haiwezi kuponya nyumba iliyo tayari majini.

Si laana

Maji yanapopanda, maneno mabaya yapanda pamoja nayo. Huyu asema ni laana ya wakubwa. Yule ataja jirani, mjane au mzee asiye na watoto, kwamba ndiye aliyeita maji. Wakristu, tusikubali maneno hayo. Bwana wetu alifundisha kwamba Baba yetu wa mbinguni awapa mvua wote, wema na wabaya. Ziwa lilipanda 1878, wakati wengi wa waliokaa ukingoni walikuwa hawajasikia Injili. Likapanda 1964, wakati misioni zilikuwa zimejaa wakristu. Likapanda 2024. Halikuangalia dini wala kabila. Mvua ina sababu zake, na Mungu alitupa akili ili tuzitafute. Kumtuhumu mjane ni dhambi, na hakupunguzi maji hata sentimita 1.

Vilevile tusiseme ni mapenzi ya Mungu, kisha tukakunja mikono. Katika Injili yumo mtu mwenye akili aliyejenga juu ya mwamba, na mwingine aliyejenga juu ya mchanga. Mvua iliyowapata ilikuwa ileile. Waliachana katika kuchagua kiwanja.

Yatupasa nini

Kwanza, tuweke ukumbusho. Mapadri wa zamani walikuwa na kanuni ya kuandika kila siku habari za misioni katika daftari: waliobatizwa, wageni waliofika, na magonjwa. Kwa nini parokia zetu zisifanye vivyo hivyo kwa mvua na maji? Kopo lenye mdomo na kitako cha upana mmoja, likiwekwa wazi mbali na miti, na rula ya mtoto wa shule, vyatosha kupima mvua ya kila asubuhi. Mti uliotiwa alama na kusimikwa kando ya gati watosha kuonyesha maji yamefika wapi mwisho wa kila mwezi. Vijana wa parokia waweza kazi hiyo. Baada ya miaka 10 daftari lao litakuwa mali kubwa kuliko maneno ya watu mia.

Pili, tuwaulize wazee wangali hai. Mtu aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1964 aweza kwenda mguu kwa mguu na kuonyesha: hapa maji yalifika. Pahali hapo patiwe alama ya jiwe au ya chokaa kwenye ukuta, pamoja na mwaka. Alama ya 2024 nayo iandikwe sasa, kabla haijafutika. Kisha mtu yeyote anayetaka kununua kiwanja aione kwa macho yake.

Tatu, mwenye kuuza aseme kweli. Kumuuzia mgeni mahali ambapo muuzaji ajua patazama ni wizi, hata kama karatasi ina mihuri yote. Atakayeungama dhambi hiyo aelewe kwamba fidia nayo yadaiwa.

Nne, tuwafungulie waliohamishwa na maji. Turubai na unga ni msaada wa juma moja. Msaada wa kweli ni kumtafutia ndugu kipande cha nchi ya juu, karibu na kisima na shule, ili asirudi ufukoni maji yanaposhuka. Maana maji yatashuka. Hapo ndipo hatari ilipo. Ufuko utakuwa mpana tena, udongo mweusi utaonekana, na bei itakuwa nafuu. Miaka 20 au 30 itapita, na watoto waliozaliwa leo watasema kama wale wa 1915 kwamba ziwa haliendi popote.

Wazee husema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini kuhusu mvua na ziwa, hatuwezi kuyaganga yajayo tusipoyajua yaliyopita. Ziwa Tanganyika halina haraka. Laweka mvua za miaka mingi, na siku yake ikifika lahesabu mbele ya watu wote. Basi nasi tuwe na hesabu yetu, iliyoandikwa wazi na kusomwa kwa watoto, ili masika yakizidi tena yawakute juu ya kilima, pamoja na wazee wao na vyombo vyao, wakimshukuru Mungu kwa mvua.